Transfoma ya Mzee Kamugisha

Siku mliponiaga pale karakana Manzese mlinipa keki, doti mbili za kanga na saa ya ukutani, halafu mmoja wenu akasimama akaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Ya busara, akasema. Busara sina. Nina hasira, nimekaa nayo hapa kwangu Temeke tangu niache kazi, nikidhani itapoa yenyewe. Haijapoa. Basi naandika nikiwa nayo hivyohivyo, na asiyependa aache kusoma akaendelee kupiga dairekti.

Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitasema. Hayo waulizeni wapenda umbea, wapo na mnawajua. Mie nataka kusema habari za transfoma moja tu, ya mwisho kuisuka kwa mikono hii. Lakini ili mnielewe inabidi nianze na Mzee Kamugisha, kwa sababu wengi wenu hamkumkuta kazini. Mnamsikia tu nikimtaja ninapowagombeza.

Siku yangu ya kwanza mama alinisindikiza mpaka mlangoni akakataa kuingia, ati harufu ya vanishi inamkaba. Nikaingia peke yangu. Kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, alikuwa amekaa mwanaume mmoja mrefu ameinamia mashine ya mkono ya kusukia koili. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza waya, midomo inacheza kama mtu anayesoma dua. Nikamwambia shikamoo. Kimya. Nikasogea, nikarudia kwa sauti zaidi. Kimya. Kwetu mtu mzima akisalimiwa asiitike ujue kuna jambo zito, ama amekukasirikia ama kafiwa. Nikasimama pale machozi yananilengalenga, najiuliza nimekosea nini na hata kazi sijaanza. Baada ya muda mrefu akasimamisha mashine, akafunga waya kwa uzi, akainua kichwa.

"Marahaba," akasema. "Ulikuwa umesimama kwenye mwanga wangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya kunikaribisha. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anahesabu. Transfoma ina koili mbili, moja inapokea umeme, nyingine inautoa, na umeme utoke mkubwa au mdogo ni hesabu ya mizunguko ya waya basi. Ukipotea hesabu katikati, unafumua kazi yote unaanza upya. Kihesabio cha ile mashine kilikufa zamani, na hata kingekuwa kizima Mzee asingekiamini. Kwa hiyo pale kwetu ilikuwa sheria: aliyeshika mkono wa mashine hasalimiwi, na akisalimiwa haitikii. Hata aingie mkubwa gani. Kuna wateja walituona hatuna adabu wakaondoka na vitu vyao. Mzee aliwaacha waende, akamaliza kuhesabu.

Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mkali, mwenye kejeli za taratibu, na alinifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha kugusa boksi la chuma kwa nyuma ya kiganja, maana likiwa na shoti mkono utajikunja kukimbia, lakini ukigusa kwa kiganja utakamata na hutaachia. Alinifundisha kufunga maungio kwa uzi wa kushonea viatu uliochovywa vanishi, siyo kwa tepu, kwa sababu gundi ya tepu huyeyuka kwenye joto na kuteleza. Mpaka leo ukifungua transfoma popote mjini ukakuta maungio yamefungwa uzi, yamekunjwa kurudi nyuma na kulazwa ubavu, ujue imepita mikononi mwetu. Hakuna karakana nyingine yenye subira ya uzi.

Na alinifundisha mlinzi. Mnakijua kile kidude kidogo kinacholazwa katikati ya koili, ambacho joto likizidi kinakata umeme, koili ikipoa kinarudisha. Vitabuni kina jina refu, sie tulikiita mlinzi. Wateja wanakichukia. Anaangalia mpira, stabilaiza, ambayo ndani ni transfoma hiyohiyo, inakata. Anasaga unga, inakata. Anakuja amefura, anataka isikate. Fundi mvivu anachukua kipande cha waya, anaunga upande huu na huu, mlinzi anabaki pembeni hana kazi. Hiyo ndiyo dairekti. Mteja anaondoka anacheka na fundi anaitwa bingwa.

Enzi za Mzee kulikuwa na mama mmoja mwenye saluni pale jirani. Alileta stabilaiza yake, inakata kila saa. Fundi mmoja wetu akapiga dairekti bila kusema. Saluni iliungua na kila kilichokuwemo, mama yule akatoka na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Mzee alitubeba karakana nzima akaenda kutusimamisha kwenye majivu. Akaichambua ile stabilaiza iliyoungua kwa kisu, akatoa kile kipande cha waya, akauliza ni cha nani. Fundi akanyoosha mkono. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, na alikuwa analala nyumbani kwake.

"Hukutengeneza kitu," Mzee akamwambia. "Umemfukuza mlinzi tu. Na mie nakufukuza wewe."

Akamfukuza kweli, kazini na nyumbani, siku hiyohiyo. Dada mtu alikuja kulia mpaka akachoka. Mzee hakurudi nyuma. Mie nilikuwa bado mchanga kazini na moyoni nikasema, huyu ndiye fundi. Niliyashika maneno yale miaka yote, nikayatumia kuwagombezea nyie, na mkinichukia kwa hilo ni haki yenu.

Mzee alistaafu, akahamia Tegeta, kwenye nyumba aliyojengewa na wanawe, akakaa na binti yake Consolata ambaye ni mwalimu. Mkewe alifariki baada ya hapo. Halafu mapafu yakaanza kumsaliti. Sigara ilikuwemo, sikatai, lakini ilikuwemo pia miaka yote ile ya kuvuta vanishi bila hata kitambaa puani, na hakuna mwenye karakana aliyewahi kutuambia tujifunike. Hilo nalo linanikera, ila tuliache, nisije nikaimaliza hasira kabla ya safari.

Mwanawe aliyeko Marekani akamletea mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Mashine ya kule inakula umeme mdogo, nusu ya huu wetu. Wakanunua transfoma ya kushushia umeme, wakaiweka chini ya kitanda chake. Nilikuwa naendaga kumsalimia, naiona ile mashine inakoroma, mpira wa hewa uko puani, tunazungumza. Hakuwahi kunilalamikia kitu. Transfoma yenyewe sikuwahi kuiona vizuri kwa sababu ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Nimestaafu, hata ile keki yenu haijaisha kwenye friji, Consolata akanipigia simu asubuhi analia. Transfoma imetoa moshi. Kitambaa kilichoifunika kimeshika moto, bahati ilikuwa siku ya kufungwa shule na yeye yupo nyumbani, ameuzima kwa blanketi. Baba amewekewa mtungi wa oksijeni wa kuazima kutoka zahanati ya pale mtaani, nao haukuwa umejaa. Mtungi mwingine hawana. Hospitali ni mbali, na barabara ya Bagamoyo ilikuwa imefunga kwa foleni tangu alfajiri. Zaidi ya hapo, Mzee amesema haendi popote, aitwe Zuhura.

Zuhura ndiye mie. Nikapita Manzese, nikawasukuma waliosimama mlangoni, nikachukua waya wa shaba, mashine ya mkono na mlinzi mpya, nikapanda bajaji ya kupenya foleni nimepakata mzigo wote huo kama mtoto mgonjwa. Kwa nini nisinunue transfoma nyingine dukani? Subirini.

Nilimkuta Mzee amekaa kitandani ameegemea mito, amekonda, macho yaleyale. Mtungi umesimama pembeni, na mshale wa saa yake ya kupimia hewa ulikuwa umeshaanza kulala. Nikamwambia Consolata aniletee meza ya chakula humohumo chumbani, maana nilitaka kumwona. Nikafungua boksi. Nikatoa mabati ya chuma yanayoshika koili, bati moja moja, kwa nyundo na kipande cha mbao. Nikakwangua waya kwa wembe. Juu rangi ya shaba. Ndani mweupe.

Alumini! Wameipaka rangi. Hebu fikirini, kuna mtu mahali fulani alikaa kitini akawaza, nitachukua waya hafifu niupake rangi ya shaba, niuandikie boksi wati elfu moja, halafu nilale usingizi wangu vizuri. Na kuna mwingine hapa mjini aliyeziagiza akijua. Ndiyo maana sikwenda dukani, dukani zimejaa hizohizo. Nilitukana pale mbele ya mgonjwa matusi ambayo sijayatamka tangu nifunge ndoa. Consolata akaangalia pembeni.

Halafu nikafika kwenye mlinzi. Alikuwa amepigwa dairekti. Kipande cha waya kimeunganishwa huku na huku, safi, kimekunjwa kurudi nyuma, kimelazwa ubavu. Kimefungwa uzi wa kushonea viatu, uzi umechovywa vanishi.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Mtu wetu. Mtu wa karakana yetu ameingia kwenye nyumba ya Mzee Kamugisha, akamfukuza mlinzi chini ya kitanda cha Mzee Kamugisha, kwa uzi aliofundishwa na Mzee Kamugisha. Nikasimama, waya uko mkononi, nikamuuliza Consolata ni nani katika sie aliyekuja hapa, anitajie jina sasa hivi. Akaniambia hajaja fundi yeyote. Nikamwambia asimfichie mtu. Akaapa kwa Mungu wake.

"Ni mie, binti," Mzee akasema.

Nilidhani anaweweseka. Nikamtazama, akanyoosha mkono kama alivyonyoosha yule mpwa wake. Nilitamani anitajie jina la mtu mwingine, yeyote, nimchukie kwa raha.

"Ulimfukuza mtoto wa dada yako kwa hiki," nikamwambia, nikamwonyesha ule waya. "Ulimfukuza usiku hajui alale wapi. Ungeungua humu ndani na mwanao. Mzee, wewe?"

Consolata akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza. Nilikuwa na mengi ya kusema na ningeyasema yote, lakini niliangalia mshale wa mtungi nikaona hauna muda wa maneno yangu. Nikakaa. Nikafunga kiunzi cha kuzungushia waya kwenye mashine, nikashika mkono wa mashine, nikaanza kusuka. Moja, mbili, tatu.

Hapo ndipo yeye akaanza kusema. Alikuwa amenisubiri nianze kuhesabu.

"Sasa huwezi kunijibu," akasema. "Ndiyo maana nasema sasa."

Alisema kwa vipande vipande, neno na pumzi. Jirani yao anachomelea mageti. Kila mchana akiwasha mashine zake umeme wa mtaa mzima unazama, mashine ya oksijeni inahangaika, transfoma inapata moto, mlinzi anakata. Umeme wa mtaa ukikatika watu wanajua, kijana wa jirani anakuja mbio kumwashia jenereta. Lakini transfoma ikikata, mtaa mzima taa zinawaka, redio zinaimba, na hakuna anayejua isipokuwa yeye. Consolata yuko shuleni. Simu iko mkononi lakini pumzi ya kuongea haipo. Anakaa hivyo anasubiri ipoe.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Nikijua ni hesabu ngapi mpaka irudi, nilikuwa navumilia. Kila siku ikawa inazidi. Siku moja nikapotea hesabu. Mie. Nikapotea, sijui niko wapi."

Namba zilikuwa mdomoni mwangu. Nilizungusha kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

"Taratibu, utakata waya," akasema. Kisha akavuta pumzi. "Iliporudi nikachukua bisibisi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilikuwa na la kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba simu yangu ilikuwa wazi siku zote, kwamba ningekuja hata kwa miguu, kwamba fundi mzima anaona aibu kumwita mwanafunzi wake ndiyo anaachia nyumba iungue? Nilitaka kumwambia pia habari ya kitambaa. Kwa sababu jamani, sie watu wa nchi hii kila kitu tunakivalisha. Runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, kochi lina vitambaa vitatu, na transfoma yenye matundu ya kutolea joto nayo tunaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, isipate vumbi. Mafundi tunalijua hilo, tunalicheka kwa wateja, halafu tunarudi nyumbani kwetu kwenye vitambaa. Alumini peke yake ingechemka, ndiyo. Lakini ile alikuwa ameipikia ndani ya sufuria lenye mfuniko. Yote hayo nilikuwa nayo, na sikusema hata moja, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Alijua sitasema. Alinifundisha mwenyewe.

Nilimaliza koili ya kwanza nikaanza ya pili bila kunyanyua macho, maana ningenyanyua ningepoteza. Nilikuwa namsikia anavyovuta, na katikati nikagundua midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu pamoja nami. Nilipofika mwisho nikafunga waya kwa uzi, na yeye akatikisa kichwa kidogo, zimelingana.

Mlinzi nilimrudisha mahali pake, katikati ya koili. Aliniangalia nikifanya hivyo na nikaiona hofu usoni mwa mtu ambaye sikuwahi kumwona akiogopa.

"Itakata," akasema.

"Hii ni shaba. Haitakata."

"Ikikata?"

"Haitakata, Mzee."

Nikarudisha mabati, nikafunga, nikaunga. Consolata alikuwa ameshika mtungi kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kuujaza kwa kuushika. Nikawasha. Transfoma ikanguruma kidogo, mashine ikaanza kukoroma, tukamhamishia mpira. Nilikaa sakafuni na nyuma ya kiganja juu ya boksi mpaka mchomelea mageti alipoanza fujo zake na umeme ukazama. Vuguvugu tu. Consolata akaleta kitambaa kingine kutoka kabatini, kwa mazoea, akataka kukitandika. Nikakinyakua. Mzee akaniambia ni cha mama Consolata, alikifuma yeye. Na kile kilichoungua pia alikifuma yeye. Nikakitundika ukutani, mbele ya macho yake, na nikaihamisha transfoma kutoka uvunguni kuiweka juu ya stuli, ambapo kila mtu anaiona na hakuna anayeifunika.

Nilipogeuka nimjibu sasa, mikono iko huru na sihesabu chochote, alikuwa amelala. Nikaondoka na jibu langu. Vanishi nilirudi kuipaka siku mtungi ulipojazwa, na siku hiyo palikuwa na wageni, tukazungumza habari za mvua. Nilikwenda tena na tena. Hatukulitaja.

Na hili ndilo lililoniweka macho, hii ndiyo hasira niliyowaambia. Kwa mteja wa mpira na mteja wa saluni jibu ninalo, na nyie mnalijua: usipige dairekti, na ukipiga, usijiite fundi wa karakana ile. Lakini mtu aliyekaa peke yake mchana, taa zinawaka na pumzi haipo, ningemwambia nini? Asubiri? Nimeligeuza hilo huku na huku na kila nikiligeuza nawakasirikia watu wengi zaidi. Aliyepaka alumini rangi. Aliyeiuza. Mwenye mageti, ambaye hakukosa usingizi. Mzee, kwa kutoniita. Mie, kwa kukaa miaka yote karibu na ile mashine ninakunywa chai na nisifunue kitambaa.

Masika yalipoanza Consolata akanipigia tena. Safari hii hakulia, nikajua. Nilifika Tegeta nimelowa. Wanawake walikuwa wameshakaa sebuleni, wanaume wanashusha viti nje. Consolata akanipeleka chumbani. Mpira ulikuwa juu ya mto, umetolewa puani, lakini mashine ilikuwa bado inakoroma na transfoma bado inanguruma juu ya stuli yake. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Nikamuuliza kama ilikuwa imekata. Akaniambia haikukata hata mara moja, tangu siku ile.

Nikasogea kitandani. Nikamwambia shikamoo, kwa sababu sijawahi kuingia mahali alipo bila kumwamkia. Hakuitika, na safari hii hakuwa anahesabu.

Nikaigusa transfoma kwa nyuma ya kiganja. Ilikuwa vuguvugu. Nikanyoosha mkono kwenye swichi, nikakata mie.